Mshabiki wa Babati Hana Hati

Mwaka 2024 mji wa Babati ulipata timu ya Ligi Kuu bila ya kuipandisha. Timu hiyo haikuanzia katika ligi ya wilaya, wala haikupitia mashindano ya Mkoa wa Manyara. Ilikuja ikiwa timu kamili. Msimu uliotangulia ilikuwa ikiitwa Singida Fountain Gate. Ilipohamia chini ya mlima Kwaraa jina la Singida likaondolewa, ikabaki Fountain Gate, na Uwanja wa Tanzanite Kwaraa ukawa nyumbani kwake.

Wananchi waliipokea kwa moyo mkunjufu, na walikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha, na kwa muda mrefu mpenzi wa kandanda wa Babati aliyetaka kuwaona Simba au Yanga kwa macho yake alilazimika kupanda basi kwenda mkoa mwingine, au kulipa kiingilio katika banda la televisheni. Baada ya timu kuja, vigogo hao walikuja wenyewe. Februari 2025 Simba walitoka sare ya bao 1-1 na wenyeji hapo Kwaraa. Aprili mwaka huo Yanga walishinda kwa mabao 4-0. Mchezo wa namna hiyo hauwanufaishi wachezaji peke yao. Huwanufaisha mama lishe, mwenye nyumba ya wageni, dereva wa bodaboda, kijana anayechoma mahindi kando ya barabara ya Arusha, na mkulima wa Magugu au Dareda aliyekuja mjini mapema ili auze mazao yake kabla hajakwenda uwanjani.

Lakini lipo jambo ambalo halijaulizwa vya kutosha. Katika shughuli hii yote, nani ameshika karatasi gani? Mwenye klabu anazo hati za klabu yake. Mwenye uwanja anazo hati za kiwanja. Mshabiki anacho kipande cha tiketi kilichochanwa mlangoni.

Swali hili halitoki hewani. Wananchi wa Mbarali, Mkoa wa Mbeya, walikuwa na timu yao ya Ihefu. Tarehe 29 Novemba 2022 timu hiyo iliifunga Yanga 2-1 katika Uwanja wa Highland Estates na kukomesha mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga walikuwa hawajapoteza. Nchi nzima ilizungumza habari za Mbarali. Oktoba 2023, mahali pale pale, Ihefu waliwafunga Yanga tena, na tena kwa 2-1. Mwaka 2024 timu ikahamishiwa Singida na kupewa jina la Singida Black Stars. Waliobeba ngoma uwanjani Ubaruku hawakupiga kura. Na Wanasinga wenyewe, ambao timu yao ya kwanza ilikuwa imeondoka, wakaletewa ya watu wengine kama anayeibiwa baiskeli kisha akaazimwa ya jirani. Mei 2025 timu hiyo hiyo ya Singida ilicheza Babati nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba na kushinda 3-1. Aliyekuwa jukwaani siku ile aliona kwa macho yake jinsi timu inavyoweza kuwa njema, ikashinda, na bado isiwe ya wale walioilea.

Fainali ya Kombe hilo nayo ni somo dogo kwa Babati. Fainali ya msimu wa 2023/24 ilitangazwa kuwa ingechezwa Tanzanite Kwaraa. Ikachezwa Zanzibar, katika Uwanja wa New Amaan, tarehe 2 Juni 2024.

Ubaya wa mambo haya huonekana wazi zaidi pale mwenye klabu na serikali ya mji wanapokosana. Mfano ulio kamili unatoka Uingereza, katika mji wa Coventry, mji wa viwanda vya magari ambao timu yake ilitwaa Kombe la FA mwaka 1987. Mwaka 2005 timu hiyo iliacha uwanja iliouchezea kwa miaka zaidi ya mia moja, ikahamia uwanja mpya ambao halmashauri ya mji ilikuwa mbia wake pamoja na taasisi moja ya hisani. Klabu ikawa mpangaji. Kodi ilikuwa zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka, na mapato ya vyakula na vinywaji siku ya mchezo hayakuwa yake. Mwishoni mwa mwaka 2007 klabu ikanunuliwa na kampuni ya fedha ya London iitwayo Sisu. Mwaka 2012 timu iliposhuka daraja, mwenye klabu akaacha kulipa kodi.

Yaliyofuata yalikuwa ni mawakili. Halmashauri iliikopesha kampuni ya uwanja pauni milioni 14.4, mwenye klabu akaishtaki kwa kufanya hivyo, na mahakama zikamkatalia. Huku nyuma, katika msimu wa 2013/14, timu ya Coventry ilikuwa ikicheza michezo yake ya nyumbani Northampton, kilomita zipatazo 55 kutoka nyumbani. Washabiki waligawanyika. Wengi walikataa kwenda. Wengine walikwenda lakini wakakataa kulipa, wakasimama juu ya kilima nje ya uwanja na kutazama kutoka huko. Timu iliyokuwa ikitazamwa na watu zaidi ya elfu kumi ikawa inachezea watu elfu mbili na ushei. Iliporudi nyumbani Septemba 2014, watu zaidi ya elfu ishirini na saba walijaa uwanjani.

Mtu angedhani hapo pande zote zilikuwa zimejifunza. Mwezi uliofuata halmashauri ikaiuzia hisa zake klabu ya raga ya Wasps, nayo ya kutoka mji mwingine, na ugomvi ukaanza upya. Kati ya mwaka 2019 na 2021 timu ya Coventry ilikuwa mkimbizi tena, safari hii Birmingham. Wasps wakafilisika mwaka 2022. Klabu ilipata mwenyewe mpya Januari 2023, na ni Agosti 2025 tu ndipo klabu na uwanja vilipokuwa tena mikononi mwa mtu mmoja. Miaka ishirini! Katika miaka hiyo yote mwenye klabu alisema anatetea klabu, na halmashauri ilisema inatetea fedha za walipa kodi. Inawezekana kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini mshabiki, aliyekuwa ndiye mwenye timu kwa mapenzi na ndiye mlipa kodi kwa sheria, hakuitwa mezani na upande wowote.

Hayo hayasemwi kwa kumtuhumu mtu yeyote Babati. Yanasemwa kwa sababu wakati mzuri wa kuziba paa ni kiangazi.

Tanzania inayo kanuni inayomlinda mwanachama wa klabu: klabu ya wanachama inapoingia katika uwekezaji, wanachama hubaki na asilimia 51 na wawekezaji hawazidi 49. Kanuni hiyo ni nzuri kwa Simba na Yanga, ambazo zina wanachama. Klabu iliyoanzishwa na mtu au kampuni haina wanachama wa kulindwa. Mji unaoipokea ni mwenyeji tu, na mwenyeji asiye na mkataba hana tofauti na mpita njia. Zamani haikuwa hivyo. Mseto ilipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975 ilikuwa ni Morogoro iliyoutwaa. Tukuyu Stars mwaka 1986 na Coastal Union mwaka 1988 hazikuwa na mahali pa kuhamia. Zilikuwa na shida nyingi, hasa za fedha, na hakuna haja ya kuzisifu kupita kiasi. Lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta jina la mji wake limefutwa kwenye fulana.

Hapana budi, kwa hiyo, mkataba wa matumizi ya uwanja uwe wa maandishi, uwe wa miaka inayojulikana, na uwekwe wazi mbele ya wananchi. Useme kodi ni kiasi gani na mapato ya mlangoni yanagawanywaje. Useme ni nani anayelipia nyasi na vyoo. Zaidi ya yote useme kwamba timu haitahama katikati ya msimu, na kwamba pakitokea deni au kutoelewana, shauri litapelekwa kwa msuluhishi huku michezo ikiendelea, bila ya upande mmoja kufunga lango wala mwingine kufungasha mipira. Wawekezaji wa kweli hawana sababu ya kuliogopa sharti hilo, maana linawalinda na wao dhidi ya kiongozi anayepandisha kodi ghafla baada ya kuona majukwaa yamejaa. Na viongozi wa aina hiyo wapo. Haifai kusingizia kwamba tamaa huishi upande wa wafanyabiashara peke yao.

Neno hili linavihusu pia viwanja vya Chama. Kirumba, Mkwakwani, Sokoine na Sheikh Amri Abeid vinatumiwa na klabu za wananchi na za watu binafsi, na Chama hakiwezi kuidai halmashauri uwazi ambao chenyewe hakiutoi.

Washabiki nao wana wajibu wao. Hasira ya kurusha chupa uwanjani haijapata kubadili kifungu cha mkataba hata kimoja. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Chama cha washabiki wa Babati chenye katiba, viongozi waliochaguliwa na orodha ya wanachama kinaweza kumwandikia diwani wake barua kabla ya mkutano ujao, kikidai mkataba wa Kwaraa usomwe hadharani na nafasi moja mezani itengwe kwa ajili ya mtu anayenunua tiketi.