Matabishi si mshahara



Juzi jioni, mvua ikinyesha ile ya Goma isiyomuuliza mtu, tulikuwa watano kwa mwenzetu pale Himbi, tukafanya komande ya kuku na ndizi. Tulilipa kwa simu, tukangoja. Motari alifika amelowa mpaka mifupa, chakula amekifunga ndani ya mifuko miwili na kukificha chini ya koti. Kuku alikuwa bado moto. Motari akasimama mlangoni, hakuomba kitu. Akauliza tu: «Iko sawa, ba grand?»

Tukajipapasa mifukoni. Watu watano, na hakuna hata noti ya mia tano. Mmoja akasema: tumutumie kwa simu. Akafungua ile nambari tuliyolipia chakula, motari akacheka kidogo. «Ile munatumaka kule, miye siionaka.» Nambari ilikuwa ya resto. Mara ngapi tumeongeza franka elfu moja juu ya bei, tukiandika «ya motari», tukalala na roho safi?

Tumeandika haya kwa sababu ya jibu lile.

Goma hapa komande nyingi zinapita WhatsApp. Resto inaweka picha kwenye status, unaandika, unatuma pesa, na motari aliyepaki mbele ya mlango anaitwa. Hana mkataba, na wengine hata jina lao resto haijui. Kuna resto zinazomwambia mteja alipe mbio mwenyewe. Nyingine zinaweka bei ya mbio ndani ya bei ya chakula, halafu zinampa motari kiasi zinachotaka. Na kuna zile zinazosema «mutaelewana kule», maana yake bei yake ataijua akishafika, akiwa tayari amechoma mafuta.

Tufanye hesabu. Tuseme mbio ni franka 3.000. Kabla motari hajaiweka mfukoni, ile pesa ina wenyewe. Mafuta yana yake. Pikipiki kwa wengi si yao, ni ya patron, na kila jioni patron anangoja versement yake, uwe umepata ama umekosa. Mawe ya volkano yanakula matairi, na fundi hakopeshi. Kwenye barriere kuna anayenyoosha mkono. Ile nusu saa aliyongoja kuku akaangwe hakuna anayeihesabu, na katika nusu saa hiyo angebeba abiria wawili toka Birere mpaka Signers. Matabishi ndiyo pesa pekee inayomfikia bila deni. Ndiyo unga wa nyumbani.

Na tusijidanganye juu ya nani yuko chini ya ile kaske. Sisi tuliokaa kuandika haya tuna diploma za chuo kikuu na hatuna kazi. Wenzetu tuliosoma nao auditoire moja ndio wanaopaki mbele ya resto. Siku nyingine mwenzio anakuletea chakula, mnatazamana, kila mmoja anajifanya hakumbuki promosyo.

Neno lenyewe lina historia. Matabishi limetoka kwa Wareno, mata-bicho, «kuua mdudu», yaani kale kapombe ka asubuhi ka kutuliza tumbo. Likaingia Kongo, na wakati wa Mbelgiji likawa kile bwana anachomwachia boy wake akifurahi. Asipofurahi, hakuna. Leo neno lilelile tunalitumia kwa motari na kwa wakala anayekataa kupiga muhuri bila kitu. Hapa tutenganishe: yule wa muhuri ana mshahara wake na anauza kazi ambayo si yake. Motari amefanya kazi yake yote, ndiyo sasa anategemea uso wako utakavyoamka.

Wengine watasema dawa ni programu, kama Glovo kule Nairobi na Kampala, ambapo unabonyeza na kumwachia bahashishi ndani ya simu. Siku itafika Goma nayo, labda. Lakini tusiingoje kama mkombozi. Jumia Food ilifunga Kenya na Uganda mwisho wa mwaka 2023, na wapelekaji wake wakabaki na mabegi. Na kule Marekani simu inahesabu mpaka senti, na bado matabishi yaliliwa. DoorDash ilikuwa inamwahidi mpelekaji kiasi fulani kwa kila komande. Tuseme dola 7. Mteja asipoacha kitu, kampuni inatoa 7. Mteja akiacha 3, kampuni inatoa 4. Mpelekaji anapata 7 zilezile, na mteja amesaidia kampuni akidhani amesaidia mtu! Watu walipiga kelele mwaka 2019, kampuni ikabadilisha, na mwaka 2025 ikakubali kulipa dola milioni 16,75 kumaliza kesi ya jimbo la New York. Amazon nayo, mwaka 2021, ilikubali kurudisha dola milioni 61,7 za bahashishi ambazo madereva wa Flex hawakupewa.

Ule ujanja hauhitaji kompyuta. Resto inayompa motari kidogo kwa sababu «wateja wa Himbi wanaachaka kitu» inafanya hesabu ileile kwa kalamu ya bic.

Matabishi yanachora pia ramani ya mji. Mvua ikinyesha na komande mbili ziko mezani, moja ya Himbi, moja ya Ndosho, motari atachagua wapi? Hatumlaumu. Lakini mama wa Ndosho amelipa kuku bei moja na yule wa Himbi, na anangoja saa mbili.

Halafu kuna pesa yenyewe. Tangu M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga, makaratasi yakawa adimu, na yaliyobaki yamechakaa. Ukimpa motari noti iliyopasuka umempa ugomvi wa kesho sokoni. Ukimtumia kwa M-Pesa ama Airtel Money, mwenye kabini atakata yake wakati wa kutoa. Kwa hiyo ukituma, ongeza na ya kutolea. Ni kidogo, lakini ni tofauti kati ya kumpa na kumwonyesha.

Tunajua mtajibu: na sisi hatuna. Ni kweli, wengi wetu tunakula kuku mara moja kwa mwezi tukichanga. Ndiyo maana hatusemi kila mtu atoe matabishi. Tunasema bei ya mbio iandikwe peke yake kwenye status, mbali na bei ya chakula, na yote iende kwa aliyepiga mbio. Motari akingojeshwa, kungoja kulipwe. Association za motari zinajua kupanga bei ya abiria, zikae zipange na ya vyakula, mtaa kwa mtaa, Ndosho na Majengo zikiwemo. Hapo matabishi yatabaki matabishi, mwenye nacho atoe, asiye nacho aseme asante bila kuangalia chini.

Na wewe unayefanya komande leo jioni, kabla ya kutuma pesa andika sentensi moja: «Nipe jina na nambari ya motari.» Sisi tuliiandikia ile resto siku iliyofuata. Tuliuliza elfu moja zetu za mara zote zile zilikwenda wapi. Message ina alama mbili za buluu tangu asubuhi ile. Tunangoja.