Lueji, Mwindaji Mgeni, na Riwaya za Maadui Wanaopendana



Riwaya hizo twaziona mikononi mwenu, mara katika Kifaransa, mara katika kioo cha simu. Msichana shujaa asiyeogopa upanga. Mwanamume wa upande wa adui, mwenye kiburi na siri nyingi. Falme mbili zinazowindana. Na katikati ya njama za ikulu, chuki inageuka polepole kuwa mapenzi. Katika A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas wa Marekani, iliyotoka mwaka 2015, binti mwindaji aitwaye Feyre anachukuliwa kwa nguvu na bwana mwenye enzi na uchawi, kisha anampenda. Katika Fourth Wing ya Rebecca Yarros, ya mwaka 2023, Violet anaingia chuo cha vita na kumkuta Xaden, kijana ambaye baba yake, kiongozi wa uasi, aliuawa na utawala ambao mama yake Violet ni jenerali wake. Ana kila sababu ya kumchukia, naye ana kila sababu ya kumwogopa.

Wapo wazazi ambao wangefurahi tukiandika hapa kwamba vitabu hivyo vitupwe. Hatutaandika hivyo. Vina kurasa zisizomfaa mtoto wa miaka 13, na hilo twalisema wazi. Lakini kijana anayesoma kurasa 500 kwa hiari yake si kijana wa kugombezwa, na kiu inayompeleka huko si kiu mbaya. Msichana anataka kusoma habari za msichana anayeamua. Twalielewa hilo vizuri, na twashangaa tu kwamba anamtafuta mbali hivyo, hali yupo hapa hapa mkoani kwetu.

Jina lake ni Lueji, ambaye Walunda wenyewe humwita Ruwej. Musumba, makao ya Mwant Yav, iko katika wilaya ya Kapanga, ndani ya Lualaba yetu, na masimulizi ya mwanzo wa ufalme ule yanaanzia kando ya mto Nkalany. Wasimulizi hutofautiana, nasi twafuata yale yanayosikika zaidi. Baba yake alikuwa mzee akisuka mkeka, na karibu naye palikuwa na chombo cha maji aliyolowekea nyuzi, maji yaliyogeuka meupe. Wanawe Kinguri na Tshinyama wakadhani ni pombe ya mnazi ambayo mzee anawanyima, wakampiga vibaya. Lueji ndiye aliyemtunza. Kabla ya kufa, mzee akawapita wana wa kiume na kumpa binti lukano, ile bangili ambayo asiyekuwa nayo hatawali.

Kisha akatokea mgeni, Tshibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa wafalme wa Waluba, mwenye uta na ujuzi wa porini. Mgeni mwenye silaha katika nchi ya malkia asiye na mume, huku ndugu wawili wakingojea akosee: hapo ndipo mwandishi wa leo angetuwekea sura ishirini. Tena yuko aliyefanya hivyo. Pepetela wa Angola alitoa riwaya yake iitwayo Lueji mwaka 1989, kwa Kireno.

Lueji alimpokea, akampenda, akamwoa. Twatumia neno hilo kwa makusudi, ijapokuwa sarufi italalamika, kwa sababu nguvu yote ilikuwa mkononi mwake. Angaliweza kumfukuza mgeni yule, na mgeni angaliondoka. Baadaye, desturi ilipomtaka malkia ajitenge kwa siku zake, akamkabidhi mumewe lukano. Ndugu zake hawakustahimili kuona bangili ya baba yao katika mkono wa Mluba. Kinguri akaondoka na watu wake kuelekea magharibi, upande wa Angola ya leo, na Tshinyama naye akaenda zake. Ukoo ukavunjika kwa ndoa moja. Masimulizi hayafichi hata jambo chungu kuliko yote: Lueji hakupata mtoto, na mrithi wa kiti alizaliwa na mke mwingine.

Twawaomba mlinganishe. Katika nyingi za riwaya zenu, mapenzi yakishashinda, hesabu imefungwa, na yule aliyelipa gharama hatajwi tena. Wazee wa Kilunda waliihesabu gharama, ndugu kwa ndugu, bila kumlaani Lueji kwa kupenda.

Lakini tofauti kubwa zaidi iko mwanzoni mwa hadithi, na swali letu kwenu ni hili: siku ile mapenzi yanapoanza, je, msichana angaliweza kusema hapana na kurudi kwao salama? Lueji aliweza. Violet, kwa kiasi chake, ana mwili dhaifu lakini ana akili, ana cheo cha mama yake na ana joka lake. Feyre hakuweza. Na hapa tumpe mwandishi haki yake: katika kitabu cha pili, cha mwaka 2016, bwana yule anamfungia Feyre ndani ya nyumba kwa jina la kumlinda, naye Feyre anamwacha. Mwandishi mwenyewe aliona kasoro. Wasomaji wengi, hata hivyo, wamekwisha kujifunza katika kitabu cha kwanza kwamba anayekuteka huenda ndiye atakayekupenda.

Katika nchi yetu fundisho hilo si mchezo. Ninyi mlio katika Kizito-Anuarite mnalichukua jina la msichana aliyetekwa. Novemba 1964 waasi wa Simba waliwachukua watawa wa Bafwabaka, na kanali mmoja akamtaka Sista Anuarite awe mkewe. Alikataa. Usiku wa tarehe 1 Desemba, huko Isiro, aliuawa na kanali mwingine, akimsamehe. Alimsamehe adui yake, wala hakumpenda kwa namna ile adui aliyoitaka, na mambo hayo mawili hayagongani. Tangu siku zile, ni wasichana wangapi wa mashariki wamechukuliwa msituni na wenye bunduki na kuitwa wake! Hakuna aliyewauliza.

Hata hivyo tusiseme kwamba adui hawezi kupendwa. Waulizeni wakubwa wa Musonoi habari za mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa, na stesheni ya Kolwezi ikajaa familia zilizongoja treni kwa majuma mengi pamoja na magodoro na masufuria yao, kama ilivyokuwa Likasi mwaka uliotangulia. Zilikuwapo nyumba ambamo mume alikuwa Mkasai na mke Mkatanga. Jumatatu walikuwa mume na mke, Jumanne wanasiasa wakawafanya maadui. Wapo waliotengana, mmoja akapanda treni na mwingine akabaki na watoto. Wapo waliopanda pamoja, mke akienda nchi asiyoijua wala lugha yake. Hao hawakuhitaji joka wala uchawi ili hadithi yao iwe na njama za kisiasa.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja alete riwaya aipendayo, aisimulie kwa dakika kumi, nasi tuiulize lile swali. Wenye wazazi au babu wa Kilunda walete Lueji kama anavyosimuliwa nyumbani kwao, maana hatutazamii kusikia masimulizi mawili yanayofanana. Wachongaji wa Kichokwe walimchonga mumewe kwa ustadi mkubwa, na sanamu zake zimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Berlin na Fort Worth. Lueji mwenyewe hakuchukuliwa kwenda huko. Katika Musumba cheo chake, Swana Mulunda, hurithiwa na mwanamke, na mwanamke huyo huitwa mama wa Walunda.