Boya la Hatari Si Pambo la Meli



Mwezi Septemba, 1980, meli ya Uingereza Derbyshire ilizama karibu na Japani pamoja na watu wake 44. Haikusikika hata sauti moja ya kuomba msaada. Kwa mikasa ya namna hiyo mataifa yaliweka sheria mpya, na tangu tarehe 1 Februari, 1999, kila meli ya abiria, na kila meli ya mizigo ya tani 300 au zaidi, iendayo safari za kimataifa, lazima iwe na mitambo ya kuita msaada kwa redio na setilaiti.

Sheria hiyo tuliipokea kwa mikono miwili. Lakini wenye meli nao waliona faida yao. Ofisa wa redio aliteremshwa katika meli nyingi, mshahara wake ukabaki mfukoni mwao, na kazi yake ikatwishwa maofisa wa zamu ambao tayari wamechoka.

Katika mitambo hiyo limo boya la hatari. Meli ikizama, boya hufunguka lenyewe, huelea, na kupeleka ishara kwa muda usiopungua saa 48. Kama hakuna aliyewahi kubonyeza kitufe, boya ndilo shahidi wetu pekee.

Je, shahidi huyo anajua kusema? Tarehe 1 Oktoba, 2015, meli ya Marekani El Faro, yenye umri wa miaka 40, ilizama karibu na Bahamas katika kimbunga. Watu wote 33 walikufa. Kabla ya kuzama, meli ilikuwa imepeleka ishara yenye kutaja mahali ilipo. Boya lake lilisikika kwa muda mfupi tu, na halikutaja mahali, kwa kuwa lilikuwa la aina ya zamani lisilo na GPS. Hatusemi boya jipya lingewaokoa ndugu zetu wale. Tunasema kwamba kama wasingewahi kubonyeza, dunia ingejua meli ipi ina shida bila kujua iko wapi.

Tangu tarehe 1 Julai, 2022, boya linalowekwa melini lazima liwe na GPS. Lakini yale ya zamani yameruhusiwa kuendelea. Hilo hatulikubali. Bei ya boya ni ndogo mno mbele ya bei ya shehena ya safari moja.

Tunadai mambo matatu. Maboya ya zamani yaondolewe sasa. Ofisa anayeshughulikia redio apewe saa za kazi hiyo, si kuibiwa usingizi wake. Na kila baharia, hata wa jikoni, afundishwe kulitumia boya.

Nanyi mnaopanda meli za kigeni Mombasa na Dar es Salaam, siku ya kwanza tu ulizeni boya liko wapi, na someni tarehe ya mwisho ya betri yake. Ikiwa imepita, pelekeni habari kwa chama kabla nanga haijang'olewa. Wenye meli husema ajali haina kinga. Betri iliyokufa ina kinga, nayo ni kununua nyingine.