Harufu ya Supa na hesabu ya magunia

Mtaalamu wa mbegu akiulizwa sifa njema za mpunga, aghalabu huanza na idadi ya magunia kwa ekari. Mama auzaye mchele katika soko la Masumbwe huanza na harufu. Sisemi kwamba mtaalamu amekosea, bali hesabu yake imemweka mlaji nyuma mno, ilhali Supa, mpunga mrefu, uzaao haba na kulala chini upepo ukivuma, ungali ukipandwa kwa mapenzi katika majaruba ya Usumbwa na Usukuma.

Urefu hautatizi sana. Jeni ya ufupi iitwayo sd1, iliyotoka katika mpunga wa Taiwan, ndiyo iliyoiwezesha IR8 ya Ufilipino, mwaka 1966, kubeba mashuke mazito pasipo kuanguka. Taabu kubwa ni kimyanga, maradhi ya virusi yageuzayo majani kuwa manjano, ambayo mwaka ule ule yalionekana Kenya, upande wa Kisumu, na ambayo Supa haiyastahimili. Kinga ilipatikana kwa majirani, katika mpunga wa Msumbiji uitwao Gigante. Wala si kinga ya milele, kwani viko virusi vilivyokwisha kuishinda.

Lakini ajabu ya maumbile iko hapa. Harufu, katika aina nyingi za mpunga unukiao, hutokana na jeni iliyoharibika, BADH2, ambayo ikiwa nzima huzuia kemikali yenye harufu isijikusanye. Na jeni ya kinga ya Gigante nayo hujificha, haidhihiri mpaka mche uirithi kwa baba na kwa mama pia. Basi ukiwaoza Supa na Gigante, mtoto wa kwanza hana harufu wala kinga, na asiyejua siri angemtupa. Miongoni mwa wajukuu, kwa kukadiria, mmoja tu katika 16 hujaaliwa yote mawili. Zamani mzalishaji wa mbegu alingoja mavuno ndipo anuse. Leo kipande cha jani la mche mchanga, kikipimwa maabara, humpa habari mapema. Na wenye hofu wajue kwamba huku ni kuchavusha kule kule kwa siku zote, si kupachika jeni ya kiumbe kingine.

Kituo cha utafiti cha Ifakara, kilichotupatia TXD 306, yaani SARO 5, mpunga unukiao kiasi, kilionyesha kwamba pua ya mlaji yaweza kusikilizwa. Rai yangu ni kuwa majaribio yafike hata kwenye majaruba yategemeayo mvua, na mchele upikwe na kuonjwa kabla mbegu haijaidhinishwa. Gharama zibebwe na serikali, kwa kuwa mpunga hujichavusha wenyewe, na mkulima akiisha kupata mbegu safi huweza kujiwekea ya misimu kadhaa, jambo ambalo ni rehema kwake, lakini halimvutii mfanyabiashara wa mbegu hata kidogo.