Feni ya Umeme Bila Fyuzi ni Hatari



Soko la Tandale, Dar es Salaam, linajulikana kwa nafaka. Mahindi, mchele na maharage hufika hapo kwa malori kutoka mikoani. Mengi ya malori hayo ni ya zamani. Yakikwama katika foleni ya Barabara ya Morogoro, au yakipanda mlima wa Kitonga kule Iringa, injini huchemsha. Lori likiharibika njiani, mzigo hukaa. Lori ni la mtu mmoja, lakini mzigo ni jasho la wakulima wengi.

Baadhi ya wenye malori hufunga feni ya umeme. Feni ya zamani huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikienda polepole, feni nayo huzunguka polepole. Feni ya umeme haingoji mwendo wa injini. Huvuta upepo kwa nguvu hata gari likiwa limesimama. Faida ipo. Mimi siipingi feni. Napinga namna inavyofungwa.

Wapo wanaochukua waya mwembamba na kuufunga moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye feni. Hakuna fyuzi, hakuna relei. Feni inazunguka, mwenye gari anafurahi na kulipa. Lakini waya mwembamba ukipitisha umeme mwingi hupata moto. Ganda lake huyeyuka. Waya ukigusa chuma, cheche huruka. Gari laweza kuungua pamoja na mzigo.

Fyuzi ni mlinzi. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika na waya husalimika. Ifungwe karibu na betri, kwenye waya wa chanya. Relei ni kama bawabu. Swichi ndogo humwamuru, naye hufungua njia ya umeme mwingi.

Tufanye hesabu. Feni ina wati 240. Gari lina volti 24.
240 ÷ 24 = ampea 10.
Gari likiwa na volti 12:
240 ÷ 12 = ampea 20.
Fyuzi izidi kidogo ampea za feni, lakini isizidi uwezo wa waya.

Soma pia maandishi yaliyo kwenye feni. Malori mengi makubwa hutumia volti 24. Magari madogo mengi hutumia volti 12. Feni iliyoandikwa 12V ukiifunga kwenye volti 24, itaungua. Wewe sasa unajua kusoma. Usiseme, "Fundi anajua." Soma mwenyewe kabla ya kulipa.

Tena, feni haiponyi kila ugonjwa. Rejeta iliyoziba au inayovuja itengenezwe kwanza.

Wengine watasema mambo haya ni gharama. Nawauliza: fyuzi na injini, kipi ghali? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini waya mwembamba ni hatari?
2. Feni ya wati 120 kwenye volti 24 hutumia ampea ngapi?
3. Lori la mazao likiharibika njiani, nani hupata hasara?