MENO HAYANA HATIA: TUACHE WEMBE, TUSHIKE KIJIKO



Liko jambo ambalo sisi tunaozunguka matawini hatuwezi kulinyamazia. Mtoto wa miezi sita au saba akianza kuharisha, watu wa nyumbani husema, "Anaota meno, itapita." Akizidi, husema, "Hayo ni meno ya plastiki." Ndipo huitwa mtu mwenye wembe, akachimba fizi za mtoto na kung'oa mbegu za meno ambayo hayajatoka. Mtoto aliyekwisha kupoteza maji sasa anapoteza na damu. Imani hii imejulikana Tanzania tangu miaka ya 1980, na imewapeleka watoto makaburini. Twasema wazi: meno hayana hatia.

Nani basi mwenye hatia? Mara nyingi ni virusi, yaani vijidudu vidogo mno ambavyo hata darubini ya kawaida haivioni. Vilivyo vikali zaidi kwa watoto wadogo ni virusi vya rota. Vilionekana mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, na mtaalamu Ruth Bishop na wenzake, walipochunguza matumbo ya watoto waliokuwa wakiharisha. Vikapewa jina la rota, neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa kuwa umbo lake lafanana na gurudumu. Viko na vingine vinavyoharisha watoto, kama norovirusi na adenovirusi.

Mtu atauliza: kwa nini basi kuharisha huja wakati wa meno? Jibu ni jepesi. Katika umri huo kinga aliyopewa mtoto na mama yake tumboni imepungua, naye ameanza kutambaa na kutia kila kitu kinywani. Meno na kuharisha ni wasafiri wawili waliopanda basi moja; si kwamba mmoja kamleta mwenzake.

Wako pia wanaomlaumu mama, wakisema ni mchafu. Hilo nalo si haki. Kunawa mikono kwa sabuni, choo safi na maji yaliyochemshwa ni wajibu wetu sote, maana vyazuia kipindupindu na maradhi mengine mengi. Lakini virusi vya rota huenea kwa urahisi wa ajabu. Mtoto mgonjwa hutoa mabilioni yake katika kinyesi, navyo huweza kukaa siku kadhaa juu ya vitu vinavyoshikwashikwa. Hata Marekani, kwenye mabomba na vyoo vya kila namna, karibu kila mtoto alikuwa akiambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5, mpaka chanjo ilipoanza kutumika huko mwaka 2006.

Sasa sikilizeni vizuri. Marekani ya wakati ule ilipoteza watoto kati ya 20 na 60 kwa mwaka kwa maradhi haya. Duniani kote, mwaka 2000, walikufa zaidi ya laki 5, na wengi wao walikuwa wa Afrika na Asia. Virusi ni vile vile, na tumbo la mtoto ni lile lile. Tofauti ni nani anafikiwa na msaada mapema na nani anachelewa. Mwaka 1961 tulipopata uhuru, maadui watatu walitajwa: ujinga, umaskini na maradhi. Katika jambo hili maadui hao watatu wanakula sahani moja.

Kinachomwua mtoto ni kukaukiwa maji. Virusi huharibu ngozi laini ya ndani ya utumbo, maji yakashindwa kuingia mwilini. Lakini utumbo huo uliojeruhiwa bado hupokea sukari na chumvi zikienda pamoja kwa kipimo, na maji huzifuata. Hiyo ndiyo siri ya ORS. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zilipokuwa haba, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya namna hiyo, yakitolewa hata na jamaa zao. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi kila nyumba ijue hivi. Pakiti ya ORS ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, wala usizidishe chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee. Asiachishwe ziwa wala kunyimwa chakula. Zahanati itampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, avimalize. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Tusizinunue dukani kwa kubahatisha. Lakini macho yakiingia ndani, mkojo ukikoma, akilegea, akishindwa kunywa, au akitoa damu, mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Bora kuliko yote ni kuzuia. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rota Januari 2013: matone ya kinywani, bila sindano wala malipo, kwanza mtoto akiwa na wiki 6 na tena akiwa na wiki 10. Kenya ilifuata mwaka 2014. Wako wasemao chanjo haizuii kila mgonjwa. Ni kweli. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Malawi ilizuia karibu nusu tu ya kuharisha kukali kwa rota, na Afrika Kusini zaidi ya robo tatu. Lakini kwa kuwa Malawi maradhi yalikuwa mengi zaidi, kwa kila watoto 100 waliochanjwa waliookolewa na ugonjwa mkali walikuwa wengi kuliko Afrika Kusini. Nusu ya mzigo mkubwa si kitu cha kudharau.

Twawaambia wanachama wenzetu: kadi ya chama mfukoni haitoshi ikiwa kadi ya kliniki ya mtoto ina nafasi tupu. Kila mjumbe wa shina ajue watoto wachanga wa nyumba zake na tarehe zao za chanjo. Nanyi akina baba, nauli ya kliniki si kazi ya mama peke yake. Viongozi wetu nao tunawakumbusha bila woga: zahanati isiyo na ORS wala zinki ni bunduki isiyo na risasi, nasi tutauliza katika kila mkutano mpaka zifike.

Mwenye wembe akibisha hodi, mwambieni arudi alikotoka. Nyumba hii ina kijiko.