Kuvunjika kwa Koleo: Kauli kwa Wapiga Picha Chipukizi

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza aliyeshindwa. Makala haya yanashikilia kuwa ina funzo kali zaidi: mhunzi ambaye koleo lake halijawahi kuvunjika huenda hajawahi kushika chuma kizito. Ndivyo ilivyo katika sanaa ya upigaji picha.

Mwingereza Julia Margaret Cameron, aliyezaliwa Calcutta, India, mwaka wa 1815, ni kielelezo bora. Alipata kamera yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 48, mwaka wa 1863, zawadi ya bintiye na mkwewe. Enzi hizo picha moja ilikuwa kazi ya sulubu. Kioo kilipakwa kemikali, kikatiwa ndani ya kamera kingali na unyevu, kisha kikasafishwa kabla ya kukauka. Cameron aliharibu vioo vingi. Hata hivyo, alitambua kwamba sura yenye ukungu kidogo ilidhihirisha hisia ambazo picha kali hazikuzinasa. Wakosoaji walimkejeli kuwa hajui kulenga lenzi. Hakutetereka; alichapisha hata picha zenye mikwaruzo na alama za vidole. Mwaka wa 1865, jumba la makumbusho la South Kensington jijini London, ambalo leo huitwa Victoria and Albert Museum, lilinunua kazi zake.

Haifuati kwamba kila picha yenye ukungu ni sanaa. Jaribio na uzembe ni vitu viwili tofauti. Anayejaribu hujua alichokibadilisha, kiwe mwangaza, umbali au kasi ya kamera, na huweza kueleza kilichotokea. Mzembe hana la kueleza.

Ajabu ni kwamba Cameron aliligharamia kila kosa, naye akathubutu. Chipukizi wa leo, mwenye simu mkononi, hukosea bila malipo, ilhali hurudia machweo yale yale na tabasamu zile zile. Linalomzuia si gharama bali aibu. Picha iliyokwenda kombo huifuta papo hapo, na pamoja nayo hufuta somo lililokuwemo.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili si wageni wa jambo hili. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka wa 1974, wanamapokeo waliyakana mashairi yake yasiyo na vina wala mizani. Hii leo ni vigumu kufundisha ushairi wa Kiswahili bila kumtaja.

Basi chipukizi na aziweke picha zake mbovu, azirejelee na kuzihoji. Nao wahadhiri na wahakiki, kabla ya kuuliza iwapo kazi ni nzuri, na waulize kwanza: mwenye kazi alijaribu nini? Asipoulizwa swali hilo, atajifunza kucheza salama, na sanaa itabaki kujinakili.